Usipande Mlima wa Ufipa na Plagi Nyeupe

Mpanda, Alhamisi, baada ya adhuhuri

Mwanangu Saidi,

Usiichane. Mwandiko wangu unaujua, na najua tangu juzi hutaki hata kunisikia nikikohoa, lakini usiichane kabla hujafika mwisho. Ukishamaliza, fanya nayo upendavyo.

Sitakuandikia habari za kula wala kulala wala marafiki wa kuandamana nao huko uendako. Hayo mama yako ameshakuambia, tena vizuri kuliko mimi. Mimi nina jambo moja tu. Kesho alfajiri unaondoka kwenda Pwani na Bwana mwenye gari. Mtapita Kibaoni, na mkishatoka Kibaoni mtaanza kuupanda mlima wa kwenda Ufipa. Gari hilo, jinsi ulivyolitengeneza, halitafika juu. Litakufa katikati ya mlima, na sijui litakapokufa litakuwa limewaweka wapi, wewe na yeye.

Juzi nilisema hivyo hivyo, lakini nilisema kwa kupiga kelele, mbele za watu. Hilo ni kosa langu. Ulinijia pale gereji ukiwa umeshika plagi ya injini kwenye kitambaa, uso umekung'aa, ukaniambia, "Baba, hebu tazama. Nyeupe kama jivu la mwenge."

Nikakuambia, "Ongeza petroli."

"Niongeze? Gari linaruka, baba! Jana tumekwenda nalo mpaka Sitalike na kurudi, Bwana mwenyewe amepiga makofi."

"Linaruka kwa sababu linaungua. Ongeza petroli, Saidi, au usilipande."

Ndipo ukasema lile neno ambalo sijalala kwa sababu yake. "Lakini si wewe uliyenifundisha? Plagi nyeupe, fundi mzuri. Au leo kwa kuwa fundi ni mimi, nyeupe imekuwa mbaya?" Vijana wakacheka. Mmoja akasema, "Mzee ana wivu wa mkate!" Nikakunyang'anya ile plagi nikaitupa. Nikakuita mpumbavu. Leo asubuhi nimekuja tena, nikakuta umetoka kwa mlango wa nyuma. Bwana mwenye gari akanicheka kwa upole, akasema, "Mzee, kijana wako ni mtu mzima sasa." Nikarudi nyumbani kama nilivyokuja.

Mwanangu, ulisema kweli. Ni mimi niliyekufundisha. Nilikufundisha uongo bila kujua kuwa ni uongo, na nilipokuja kujua, sikukurekebisha. Nataka nikueleze kwa nini, lakini kwanza nikueleze mashine, kwa sababu kama utaacha kusoma njiani, heri uache ukiwa umeshaelewa mashine.

Unajua nilivyolelewa. Babu yako alikuwa mrina asali. Kabla ya kupanda mti kwenye mzinga hufungwa mwenge wa maganda makavu, na mtoto anayefundishwa hukabidhiwa mwenge huo kwanza kabla ya kamba. Ukizima, jivu lake ndilo linalotoa hukumu. Jivu likiwa jeupe na laini, babu yako husema mwenge umekula hewa vizuri, mtoto ameelewa moto. Likibaki kaa jeusi, unachapwa. Mimi nilichapwa sana, mpaka macho yangu yakazoea kwamba nyeupe ni sifa na nyeusi ni aibu.

Kisha nikaenda shule, na baadaye vitani nikawa fundi wa malori. Mwalimu wetu wa injini alituambia plagi njema ni ya rangi ya kahawia, kama biskuti iliyookwa. Niliandika kwenye daftari, nikapata alama zote. Lakini niliporudi Mpanda, petroli inakuja kwa treni kwenye mapipa, kila tajiri anataka fundi atakayemfikisha mbali kwa debe moja, na wewe unajua tunavyoshindana hapa. Fundi anayejua kubana kabureta ndiye anayeitwa fundi. Tukawa tunaweka jeti ndogo, kile kijitundu kinachopitisha petroli, tunapunguza, tunapunguza tena, tunatoa plagi tunatazama. Ikiwa nyeupe, tunaonyeshana. Nilipoona ule weupe nilimwona babu yako anatabasamu. Daftari la mwalimu likawa maneno ya Wazungu, na jivu la babu likawa ujuzi.

Na injini za kawaida zilinisamehe. Hapo ndipo penye hatari, Saidi. Injini ya kawaida inavuta hewa yenyewe, kidogo kidogo, na huku kwetu juu hewa yenyewe ni nyepesi. Ukiipunja petroli inalalamika, inapata moto kidogo, inakosa nguvu mlimani, dereva anabadili gia, mnafika. Unajiona bingwa.

Injini yenye kipulizo, kama hiyo ya Bwana wako, ni mnyama mwingine. Kipulizo kile unakijua kwa mkono, lakini nataka ukijue kwa akili. Moshi unaotoka kwenye silinda kwa nguvu unazungusha feni, feni ile inazungusha feni ya pili, na ya pili inashindilia hewa ndani ya injini. Mlima ukizidi, mguu ukikandamiza, moshi unazidi, feni inazidi, hewa inazidi. Haikuulizi. Sasa kumbuka hesabu niliyokuonyesha ubaoni ulipokuwa darasa la nne: kwa uzito, si kwa ujazo, petroli sehemu moja huungua yote ikikutana na hewa sehemu kumi na tano hivi. Hapo moto umeisha vizuri, kama mwenge wa babu. Lakini injini inayoshindiliwa hewa na kuvuta kwa nguvu zake zote haitaki moto ulioisha vizuri. Inataka petroli ya ziada, sehemu moja kwa kumi na mbili hivi, kwa sababu ile ziada ambayo haikupata hewa ya kuungulia haipotei bure. Inapoza. Inaingia ikiwa maji maji, inanyonya joto, inauzuia moto usilipuke kabla ya wakati wake. Ukiiondoa ili kuokoa debe, joto lile halina pa kwenda. Linakwenda kwenye pistoni.

Utasikia kugonga. Si kwa sauti kubwa, ni kama mtu anatikisa changarawe kwenye kopo. Siku nyingine hutasikia kwa sababu ya upepo na mlio wa feni. Pistoni inalainika kama nta. Na plagi, mwanangu, itakuwa nyeupe kuliko zote ulizowahi kuona.

Kwa hiyo nyeusi ni aibu tu. Nyeusi ni hasara ya petroli na masizi kwenye bomba, watu watakucheka. Nyeupe inaua.

Umeniuliza nimejuaje. Hukuuliza kwa maneno, lakini ulipokuwa unanitazama juzi uliuliza. Nimejua kwa mjomba wako Mrisho.

Vumilia.

Unakumbuka lori la tajiri wa nta, lile la kijani. Wewe ulikuwa shule Tabora mwaka ule. Tajiri alinunua kipulizo kwenye mnada wa vitu vya jeshi, hakujua ni cha mashine gani, akaniletea kwenye gunia. Akaniambia, "Fundi, wewe umesoma. Lori langu linalala siku mbili milima ya Mwese. Nifungie hii." Nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu. Nilichonga mabomba mwenyewe, nikakifunga, na kikafanya kazi. Mjomba wako ndiye aliyekuwa dereva. Alikuwa akilipiga honi kila akipita mlangoni kwetu, na mama yako anatoka na unga mikononi anamwambia, "Wewe Mrisho, utaniulia kuku!"

Sikubadili jeti. Niliacha zile zile ndogo nilizozibana kwa ajili ya hewa nyepesi ya huku na kwa ajili ya sifa. Na kulikuwa na kosa la pili ambalo ni fundi aliyesoma tu angeweza kulifanya, kwa sababu asiyesoma asingefika huko. Kipulizo kilisukuma hewa kwenye kabureta, na hewa ile ile ikawa inaizuia petroli isiingie. Pampu ya lori ilikuwa dhaifu. Kwa hiyo kadiri mlima ulivyokuwa mrefu, ndivyo kabureta ilivyokauka. Bwana wako wewe amefunga pampu ya umeme yenye nguvu, hilo nimelitazama, liko sawa. Kosa lililobaki kwenye gari lenu ni lile la kwanza.

Siku ile Mrisho alikuwa anakwenda kuchukua asali. Alipokuwa anapanda kwenye lori alisimama na mguu mmoja kwenye kidato, akaniuliza, "Shemeji, juzi nikiwa mlimani nilisikia kitu kinalia ndani, kama mbegu kwenye kibuyu. Si kitu?"

Nilikuwa nimetoka kutazama plagi. Nyeupe zote sita. Nikamwambia, "Si kitu. Injini ni safi. Nenda."

Akaenda. Wakati wa kurudi, akiwa amejaza madebe, kwenye mlima wa mwisho injini ilikufa. Lori likarudi nyuma na mzigo wote. Breki ya mkono haikuweza. Likaingia korongoni.

Kesho yake askari walinipeleka kutazama injini, mimi fundi wake. Nilifungua mwenyewe. Pistoni ya tatu ilikuwa na tundu ambalo ningeweza kupitisha kidole, kingo zake zinang'aa, laini, kama mshumaa ulioachwa juani. Plagi yake nyeupe, na juu yake vishanga vidogo vya chuma kilichoyeyuka. Nilielewa pale pale, nikiwa nimepiga magoti. Lile daftari la mwalimu lilinirudia neno kwa neno.

Nikaitia plagi mfukoni. Nikarudisha kifuniko.

Madebe ya asali yalikuwa yamepasuka. Ilikuwa asali ya siku nyingi, imeanza kuchacha, na yote ilikuwa imemwagikia ndani alipokuwa mjomba wako. Alinuka pombe. Askari mmoja akasema, "Huyu alikuwa amelewa." Afisa akanigeukia, "Fundi, injini ilikuwa na kasoro?"

Nikasema, "Haikuwa na kasoro, bwana."

Saidi, mjomba wako hakuonja pombe tangu alipozaliwa mpaka alipokufa. Mimi nilijua. Nilisimama msibani nikawasikia watu wa mtaa wakinong'ona, "Kumbe Mrisho naye, swala tano zote zile!" na sikufungua kinywa. Mama yako alipigana na mwanamke mmoja kisimani kwa ajili ya neno hilo. Mimi nikamwambia, "Mama Saidi, achana nao, Mungu ndiye anayejua." Nilimtumia Mungu kuficha pistoni. Mpaka leo mama yako haendi harusi za upande wa mji anakokaa mwanamke yule. Unadhani ni kwa sababu ya miguu. Si miguu.

Sasa unaelewa kwa nini sikukurekebisha. Ulirudi kutoka shule unataka kuwa fundi, na kila ulichokuwa unakijua ni kile nilichokufundisha ukiwa mdogo, nyeupe ni sifa. Kila siku nilikuwa nasema kesho nitamwambia. Lakini nikikuambia nyeupe inaua, ungeuliza, "Umejuaje, baba?" Wewe huachi kuuliza, tangu mtoto. Nikajipa moyo kwamba vipulizo havitaonekana tena Mpanda. Nikakuacha na uongo wangu kichwani kwa sababu uongo ule ulikuwa kifuniko cha uongo mwingine. Halafu mwezi huu likaja gari la Bwana huyu, na lina kipulizo, na kati ya mafundi wote wa nchi hii akakupenda wewe.

Sina haki ya kukushauri. Nakuomba tu.

Ndani ya kitambaa kilichofungwa pamoja na barua hii kuna jeti mbili. Nimezitoboa leo, nimezipima mara tatu. Anza na kubwa. Usianze na ndogo ukasema utaongeza. Daima anzia kwenye petroli nyingi ukirudi nyuma taratibu, hatua moja, jambo moja kwa wakati mmoja, maana ukibadili mawili hutajua ni lipi lililokujibu. Rudisha moto wa plagi nyuma kidogo, uchelewe kuwaka kwa upana wa kucha. Moshi mweusi utatoka. Bwana atanuna. Mwache anune.

Ukitaka kujua ukweli, usitazame plagi baada ya gari kusimama na kunguruma kivulini. Hapo plagi inakueleza habari za kivulini. Tafuta kilima kifupi, kandamiza mpaka mwisho kwa muda mfupi, kisha uzime injini pale pale ikiwa inavuta, ukanyage klachi, usimame, utoe plagi ikiwa ya moto. Kahawia, nenda. Nyeupe, rudi. Ukisikia changarawe, toa mguu, usibishane. Na huko Pwani mtakakofika hewa ni nzito kuliko hii yetu, kwa hiyo jeti iliyotosha hapa haitatosha kule. Tazama upya. Kila mnaposhuka, tazama upya.

Ukiona haya kubadili mbele ya Bwana, mwambie baba yako ni mzee mwenye kichaa na umembadilishia ili asikusumbue. Nicheke mimi. Sema lolote. Ila badili kabla ya mlima.

Nilikuwa nimekusudia mama yako ndiye akuletee barua hii, kwa kuwa kutoka kwake utaipokea. Hajui kusoma. Nilishaikunja. Nilishamwita, nikamwambia, "Mpelekee mwanao, ni habari za gari." Akajifuta mikono, akaipokea, akaiweka kifuani ndani ya kanga. Akaanza kuondoka. Saidi, nilimwona anatoka mlangoni amebeba kifo cha ndugu yake kifuani bila kujua, na mimi nimekaa kwenye kiti. Nikamwita. Nikamwambia akae. Nikaifungua, nikamsomea yote, mpaka neno "badili kabla ya mlima".

Naendelea kuandika yeye akiwa mbele yangu.

Hakulia. Akauliza, "Alikuuliza?"

Nikasema, "Aliniuliza."

"Mguu mmoja juu."

"Ndiyo."

"Na wewe ukamwambia nenda."

"Nilimwambia nenda."

Akainuka akaenda ndani. Nilisikia anafungua sanduku. Ametoka amevaa viatu vyake vya safari, na nguo zake amezifunga kwenye shuka. Nikamwuliza, "Mama Saidi, unakwenda kwa ndugu zako?" Akasema, "Wewe, baadaye. Andika."

Ameniambia niandike maneno yake kama anavyoyasema, na ninayaandika:

"Saidi, baba. Mjomba wako Mrisho hakuwa mlevi. Lijue hilo kwanza kuliko gari. Pili, mimi nakuja hapo gereji sasa hivi na hivyo vyuma vya baba yako. Vitie nikiona. Ukikataa, sitakushika mkono wala sitakutukana mbele za wenzako. Nitaingia kwenye gari la huyo Bwana, nitakaa, na kesho nitaupanda huo mlima pamoja nawe. Nimeshafunga mzigo."

Yuko mlangoni, ananyoosha mkono anataka karatasi.

Baba yako